Kitabu Ambacho Awino Hakukisoma

Lilian ameandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu kwamba Madam Naibu anastaafu, kutakuwa na sherehe shuleni, na wasichana wamekubaliana mimi ndiye nitoe neno la shukrani. "Robi ndiye alikuwa anapenda vitabu," ameandika, "na Madam alitulea kwa vitabu." Nilisoma ujumbe huo nikiwa nimesimama jikoni, kama ni jikoni ile kona ya chumba changu hapa Homa Bay yenye mtungi wa gesi na sufuria mbili. Chai ikafurika, ikazima moto, na mimi bado naangalia simu. Alitulea kwa vitabu. Wengine walikuwa wameshatuma vile vikaragosi vya kupiga makofi. Watu wakiona mtu mnyamavu wanadhani hana hasira. Darasani niliweza kumaliza muhula bila kuinua mkono, na kila mtu alisema Robi ni mpole. Mimi si mpole. Mimi hasira zangu naziandika, na leo naandika za mwaka mmoja tu, mwaka wa Fomu Tatu, kwa sababu wamenitaka niushukuru.

Lakini nianze na vitabu, maana ndivyo wamevitaja. Mwezi huu nimemaliza riwaya mbili na zote mbili zimeniudhi. Ya kwanza ni ya kusisimua, ya mauaji, ya Nairobi. Mfanyakazi wa nyumbani anakutwa amekufa ndani ya tangi la maji, ukurasa wa pili tu, na kutoka hapo hadi mwisho tunamfuata mpelelezi mlevi aliyeachwa na mke. Mpelelezi anakunywa. Mpelelezi ananyeshewa. Mpelelezi anamkumbuka mke, kisha anakunywa tena. Yule msichana wa tangi hata kwao hatuambiwi ni wapi. Hakuna mama anayekuja kuuchukua mwili. Nilifika mwisho nikijua pombe anayoipenda mpelelezi ni ipi, na nisijue yule msichana alipenda kula nini. Mwandishi alihitaji mtu wa kufa, basi, kama watu wanavyohitaji kuku wa Krismasi. Ya pili ni ya fantasia, ina ramani mwanzoni yenye milima isiyotamkika, na kijana yatima anaambiwa na mzee mwenye ndevu kwamba yeye ndiye mfalme. Wanasafiri nusu ya kitabu na hakuna mtu anayepika. Ni mkate mgumu na jibini, asubuhi mkate na jibini, jioni mkate na jibini, na hakuna hata mmoja anayelalamika tumbo. Nani anaosha sufuria za huyo mfalme? Nilitaka kumtupa dirishani, ila kitabu chenyewe kilikuwa kwenye simu.

Tena nilikianza katikati. Vitabu vyote naanza katikati, na wenzangu wa chuo wananicheka, wanasema ni kama kuingia nyumba ya watu kwa dirisha. Sawa. Kitabu kizuri ukikiingilia popote unakuta mtu anataka kitu na anakitaka sasa hivi. Kibaya ukikiingilia katikati unakuta watu wamekaa wanangoja mwisho. Sikufundishwa hivyo na mwalimu. Nilijifunza kwa wembe.

Shuleni kwetu, upande wa Rongo, noveli ilikuwa marufuku kama simu. Madam Naibu alisema hadithi za kubuni ni uongo, na uongo ni uongo hata ukipigwa chapa. Alikuwa mwanamke mrefu, msafi sana, mwenye sauti nzuri ya kuomba. Akiomba kabla ya chakula uji ulipoa na bado ulitaka aendelee. Kwa hiyo noveli iliingia kwa siri, na ikishaingia ilichinjwa. Ndivyo tulivyoita. Kwanza jalada lilitolewa na kutupwa chooni, ndiyo maana vitabu vingi nilivyosoma mwaka ule sijui majina yake mpaka leo. Halafu ule mgongo wa gundi ulipasuliwa kwa wembe, kitabu kikawa vipande, kila kipande chembamba cha kukaa ndani ya kitabu cha jiografia wakati wa prepu ya jioni. Na sheria ilikuwa moja: aliyeshika wembe anasoma mwisho. Ukimruhusu mwenye wembe achague, atajikatia mapaja, wengine awaachie shingo na miguu. Sisi wengine tulisoma kipande kilichokuwa huru. Niliwahi kuanza riwaya ya mauaji kwa kipande cha mwisho, nikajua muuaji ni daktari, kisha nikarudi nyuma nikamsoma yule daktari akiwa mpole, akiwauliza watoto hali, akiwapa peremende. Sijawahi kuogopa kitabu namna ile. Waandishi wanaotuficha muuaji hadi mwisho wanadhani wanatutisha. Wanatuchelewesha tu.

Mwenye wembe wetu alikuwa Awino, wa Sori, kule ziwani. Alilala kitanda cha juu yangu. Mimi ni Mkuria wa Kegonga, na bwenini wengi walikuwa Waluo, na mazungumzo matamu yote yalikuwa ya Kijaluo. Nilikuwa nakaa kwenye godoro nasikia kicheko kinapanda, kinapasuka, kinaisha, na mimi sijui kimetoka wapi. Siku moja Awino akainamisha kichwa kutoka juu, nywele chini miguu juu, akawaambia wote, "Hebu ongeeni Kiswahili, bana. Huyu Nyar Kuria anakaa hapa kama mgeni wa matanga." Nyar Kuria, binti wa Kikuria, jina likanishika. Kuanzia siku hiyo hadithi za bweni zikawa za Kiswahili, kibovu, kitamu, chenye Kiingereza na Kijaluo ndani, na zilikuwa za Kiswahili kwa sababu yangu. Sijui kama anajua alichonifanyia.

Muhula wa pili alirudi na kitabu kinene alichokinunua hapa Homa Bay, kwenye kibanda cha mitumba, mahali wanapouza vitabu vilivyochanganyika na viatu. Kilikuwa cha fantasia. Kilikuwa na joka la maji kwenye jalada, na nchi iliyo chini ya ziwa, na msichana anayeweza kuwaita waliozama kwa majina yao. Awino alikuwa amesoma maneno ya nyuma tu. Aliniambia asubuhi tukiwa kwenye foleni ya uji, akiangalia kikombe chake badala ya kuniangalia mimi, kwamba baba yake aliingia ziwani na wenzake yeye akiwa darasa la tano, na mashua ikapatikana. Mashua tu. "Nikaona hiki nikisome," akasema. Nikamwambia basi usikichinje, kisome kwanza. Akacheka. "Na hawa nitawafichaje? Wamenisikia nikifungua begi." Akakichinja. Kwa hiyo akawa wa mwisho.

Jumapili mchana tulifulia kwenye ile sakafu ya simiti nyuma ya bweni, na huko ndiko vipande vilikobadilishana mikono. Hadi leo nikisikia harufu ya sabuni ya kipande nasikia zile sauti.

"Nani ako na nne?"

"Nne iko kwa Lilian, na hajaoga tangu aanze kuisoma."

"Wewe Lilian, yule malkia wa chini alikufa?"

"Malkia gani? Kwangu hakuna malkia. Kwangu kuna mzee anatafuta mbuzi."

"Si uruke hiyo mbuzi!"

"Siwezi kuruka, mbuzi inaongea!"

Na Awino amekaa pembeni, amejiziba masikio kwa mikono iliyojaa povu, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti kubwa ili asisikie, maji ya sabuni yakimteremka hadi kwenye viwiko. "Semeni polepole, nyinyi watu! Mnaniharibia!" Tulimcheka hadi tukaegemea beseni. Mimi nilikuwa na kipande cha sita. Nilikisoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kisha msichana mmoja wa Fomu Tatu mwenzetu, mdogo wa mwili, mwenye kipande cha pili, akaugua. Mchana, watu wakiwa darasani, matroni alimkuta kitandani amekunja miguu anapiga kelele kwamba maji yanaingia bwenini, yamefika kwenye godoro. Akainua mto kumlaza vizuri, akaona karatasi. Basi. Yule msichana alipelekwa kliniki, akapimwa, akaonekana ana malaria, akachomwa sindano, na baada ya siku chache alirudi akamaliza ugali wake na wa jirani. Malaria! Kila mtu upande ule anajua malaria inamfanya mtu aone nini. Mjomba wangu akiugua huwa anaongea na ng'ombe waliouzwa zamani. Lakini wakati dawa inafanya kazi, Madam Naibu alikuwa ameshawaita wazee wa kanisa waombee bweni, na wameshasema ni juogi, mapepo, yameingia kwa kitabu. Bweni likapekuliwa, magodoro yakatupwa nje kwenye nyasi. Madam akauliza kitabu ni cha nani, na kabla hajamaliza kuuliza Awino akasema, "Ni changu." Alisema haraka ili wengine tusichapwe. Naandika hivi kwa sababu kwenye lile kundi hakuna anayeandika.

Siku ya wazazi ilikuwa karibu, na Madam akaamua kesi isikilizwe siku hiyo hiyo, kwenye ukumbi wa kulia, mbele ya wazazi wa Fomu Tatu, iwe funzo. Ukumbi ulinuka kabeji kama kawaida. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani, na wazazi wamekaa kwenye mabenchi yetu, magoti juu, kwa sababu yale mabenchi ni mafupi. Mama Awino alikuwa amekuja kutoka Sori na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani, kwa walimu. Alikuwa ameushika mapajani kwa mikono miwili muda wote, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Awino alisimamishwa mbele. Tulijua wote kinachoamuliwa: kama anabaki shule au anafukuzwa. Mama yake alikuwa anauza samaki wadogo wa aina hiyo, na hakukuwa na shule nyingine ya bweni iliyokuwa inamngoja.

Madam alikuwa na vipande walivyovipata. Akachagua cha tano, akafungua, akasoma kwa Kiingereza kwa ile sauti yake nzuri, halafu akawatafsiria wazazi. Ni pale ambapo msichana anasimama ukingoni, anaanza kuwaita waliozama, jina kwa jina, na maji yanaanza kutingika. "Anawaita wafu," Madam akasema. "Nyinyi wazazi mnalipa karo, watoto wanafundishwa kuwaita wafu." Akafunga karatasi. Ukumbi ukatoa sauti ya mshtuko, na mzee mmoja wa kanisa akatikisa kichwa. Na kipande cha tano kinaishia pale pale! Kinaishia maji yakitingika kwa sababu wembe ulipita pale, si kwa sababu mwandishi alimaliza. Kilichofuata kilikuwa ndani ya sweta yangu, kimenishika tumboni kwa jasho.

Sijui nilisimamaje. Najua benchi liliinuka upande mmoja na msichana aliyekaa mwisho akaanguka.

"Madam, haijaisha."

"Robi?" Nadhani hata hakuwa na uhakika ni mimi, alikuwa hajawahi kusikia sauti yangu. "Kaa chini."

"Haijaisha, Madam. Hapo ni katikati."

"Nimesema kaa."

Mama Awino akageuka. Alikuwa na uso uliochomwa na jua la ziwani, na macho kama ya Awino. "Mwache," akasema, kwa Kiswahili cha polepole, akitafuta maneno. "Nauliza mtoto. Hao watu wa maji. Walikuja?"

Nikasema ndiyo, mama, walikuja. Nikatoa karatasi kwenye sweta mbele ya watu wote, lakini sikuweza kuona maandishi, kwa hiyo nikasimulia tu kwa kichwa. Kwamba walitoka majini hadi kiunoni, wakasimama. Kwamba msichana aliogopa watataka kurudi nyumbani, na hakuna aliyetaka kurudi. Kila mmoja aliomba mtu aliye hai aseme kitu kimoja juu yake kwa sauti, kitu kidogo, alivyokuwa anacheka, au namna alivyopenda samaki wake, wa kukaanga au wa kuchemsha. Aliyesemwa alirudi chini kulala. Wasiosemwa walibaki wamesimama.

"Endelea, nyathina," Mama Awino akasema. Mwanangu. Mfuko wa omena ulikuwa umeteleza, uko sakafuni.

"Endelea, sisi tunasikiza," akasema baba mmoja wa nyuma, na mwingine akasema, "Na huyo wa mwisho, alisemwa?" Kwa dakika hiyo ukumbi mzima ulikuwa wetu, nasema kweli, hata yule mzee wa kanisa alikuwa amesogea mbele kwenye benchi. Madam akapiga meza kwa kiganja.

"Hapa si sinema!"

"Na Awino hajakisoma, Madam," nikasema. Sikuweza tena kunyamaza. "Mwenye wembe anasoma mwisho. Hajasoma hata ukurasa. Sisi ndio tulisoma."

Watu wakacheka, si vibaya, kicheko cha kushangaa. Madam hakucheka. "Kwa hiyo ameleta sumu ambayo yeye mwenyewe hajaionja," akasema. "Hiyo ni mbaya zaidi." Kisha akatazama wasichana kwenye mabenchi. "Haya. Robi anasema 'sisi'. Wengine wasimame."

Hakuna aliyesimama. Lilian, mwenye mbuzi, alikuwa anaangalia kucha zake. Yule aliyeuliza kila Jumapili kama malkia amekufa alikuwa amejificha nyuma ya mgongo wa mama yake. Walikuwa wameketi na wazazi wao, wamevaa soksi nyeupe, na nilijua kila mmoja alishika kipande gani. Madam akangoja, akatabasamu kidogo, akasema Awino achukue sanduku lake. Hapo ndipo Mama Awino alipotoka kwenye benchi akapiga magoti kwenye simiti, mbele ya wazazi wenzake, mbele ya binti yake, akashika upindo wa sketi ya Madam. Na Madam akasema, "Mama, inuka, unanivunjia heshima." Yeye! Heshima yake yeye. Awino alimwinua mama yake kwa kwapa, kama mtu anavyomwinua mgonjwa, na hakulia, na wakatoka. Jioni mpishi alipewa vile vipande awashie kuni za githeri. Mimi nilifyeka uwanja muhula uliobaki, na hiyo haikuniuma. Mwaka uliofuata wafadhili wakaleta maboksi ya vitabu, Madam akakata utepe, akapigwa picha akiwa ameshika noveli, na kabati likafungwa kwa kufuli. Hivyo ndivyo alivyotulea kwa vitabu.

Baada ya ujumbe wa Lilian nilimpigia Awino. Alimalizia shule ya kutwa kule Nyatike, sasa anauza omena kwa jumla na mama yake. Nyuma yake niliwasikia wanawake wakifukuza ndege kwenye nyavu za kuanikia. Nikamwambia habari ya sherehe. Akacheka. "Si uende useme, Nyar Kuria. Sema anaomba vizuri. Huo si uongo."

"Unasoma nini siku hizi?" nikamuuliza.

"Mimi? Mimi sisomi." Akamkaripia mtu kwa Kijaluo, akarudi. "Nikishika kitabu namwona mama kwenye ile simiti. Hata cha watoto. Nakirudisha."

Nikauliza kama anataka nimwambie mwisho wake, wa kile. Ninao wote kichwani. Nyuma yake ndege wakapiga kelele.

"Wacha," akasema. "Kuna mnunuzi hapa."

Nikakaa kitandani na simu mkononi. Nimesoma riwaya nyingi tangu mwaka ule, za mauaji na za falme, na nyingi zinataka niamini kwamba ubaya ni mtu mmoja mwenye kisu au mchawi juu ya mnara. Nazikasirikia zote kwa hilo. Ubaya nilioushuhudia ulikuwa umekaa kwenye mabenchi na soksi nyeupe, unangoja upite. Nikaandika kwenye kundi: "Sitatoa shukrani. Awino alifukuzwa kwa kitabu ambacho hakukisoma. Nyinyi mlikisoma." Nikatuma kabla aibu haijanishika mkono. Walisoma wote, alama zikawa za buluu, hakuna aliyejibu. Baadaye Lilian, kwa kuwa ndiye msimamizi, akaufuta, akaandika kwamba neno la shukrani litatolewa na mtu mwingine, na wasichana wavae rangi ya buluu.

Asubuhi yake alinitumia ujumbe peke yangu. "Robi, mimi nilikuwa na cha nne. Sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa na mama pale."

Niliutazama nikiwa nakoroga chai. Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, mengine machafu. Nikamwandikia: "Mimi najua. Asiyejua ni Awino, alijiziba masikio." Nikaweka na namba ya simu ya Awino chini.

Ameuona. Ni siku kadhaa sasa. Sijui kama amepiga, na safari hii sitasimama badala yake.